Baada ya saini: jumuiya za kikanda hufanya nini mkataba wa amani unapoanza kutekelezwa?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kasulu, Kigoma, na shule yetu haiko mbali na kambi ya Nyarugusu. Wanafunzi wangu waliniuliza: kama mkataba wa amani wa Burundi ulisainiwa Arusha tangu mwaka 2000, mbona wakimbizi walikuja tena mwaka 2015? Na hizi jumuiya, Umoja wa Afrika, Jumuiya ya Afrika Mashariki, IGAD ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, SADC ya nchi za kusini mwa Afrika, zinafanya kazi gani hasa viongozi wakishapeana mikono mbele ya kamera? Nilijibu kijuujuu tu. Naomba unisaidie jibu la kina niwapelekee.

Jibu: Mwalimu, nakusalimu wewe na wanafunzi wako. Wamegusa penyewe. Nitakaa zaidi kwenye Burundi, kwa kuwa hapo ndipo kanda yetu ilipofanya kazi yake bora ya kusimamia mkataba, na hapohapo, miaka kumi baadaye, ikashindwa waziwazi. Kisha nitapita Sudan Kusini na Kongo.

Kwanza tuelewane kuhusu huo mkataba wa Arusha. Wengi hudhani siku unaposainiwa mkataba mazungumzo yanakuwa yamekwisha, kinachobaki ni kutekeleza. Mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000 ulikuwa na mapengo mawili makubwa. Haukuwa na usitishaji wa mapigano, kwa sababu makundi ya waasi wa Kihutu yaliyokuwa yakipigana msituni, CNDD-FDD na Palipehutu-FNL, hayakuwa mezani. Na haukumtaja mtu wa kuongoza serikali ya mpito. Baadhi ya vyama vilisaini huku vikiwa na pingamizi zao, vingine vikasaini siku kadhaa baadaye. Mzee Mandela, aliyekuwa mpatanishi baada ya Mwalimu Nyerere kufariki Oktoba 1999, aliona afadhali mkataba wenye mapengo kuliko kuendelea kuzungumza huku watu wanakufa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kanda baada ya saini ilikuwa kuendelea kupatanisha. Mapengo yalizibwa moja baada ya jingine, na kila pengo lilikuwa na mkutano wake, vitisho vyake na usiku wake wa kukesha.

Kanda yenyewe ilikuwa nani? Ulikuwepo Mpango wa Kikanda wa Amani ya Burundi, ambao haukuwa na makao makuu wala bendera. Walikuwa marais wa nchi jirani waliokubaliana kuitana kila Burundi ilipokwama: Rais Museveni kama mwenyekiti, Tanzania ikimsaidia kwa karibu, pamoja na Kenya, Rwanda, Ethiopia, Zambia na wengine, kisha Afrika Kusini ikaingia kwa nguvu. Nguvu ya mpango huo ilitokana na jiografia. Mafuta ya Burundi yalipita kwa majirani, kahawa yake ilitoka kupitia kwa majirani, na waasi wake walijificha kwa majirani. Meja Pierre Buyoya alipopindua serikali Julai 1996, haikuchukua wiki mbili kabla majirani hawajakutana Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Viliondolewa Januari 1999. Vikwazo vile viliwaumiza wananchi wa kawaida, na sioni sababu ya kuficha hilo. Mwenye duka mdogo wa Bujumbura aliteseka kuliko mkubwa mwenye njia za magendo. Lakini vilimfikishia Buyoya ujumbe kwamba asingeweza kutawala huku amewapa majirani mgongo, na ujumbe huo ulikuwa bado unafanya kazi miaka mitano baadaye.

Tuone pengo la kwanza lilivyozibwa. Julai 2001, tena Arusha, ilikubaliwa kwamba mpito utakuwa wa miaka mitatu kuanzia tarehe 1 Novemba 2001. Buyoya angeongoza miezi 18 ya kwanza akiwa na makamu Mhutu, Domitien Ndayizeye. Kisha angempisha Ndayizeye naye aongoze miezi 18 akiwa na makamu Mtutsi. Ni rahisi kuandika, ni vigumu kuamini. Wanasiasa wa Kihutu waliokuwa uhamishoni walipaswa kurudi Bujumbura, mji uliolindwa na jeshi lilelile lililotawaliwa na Watutsi, ambalo askari wake walimuua Rais Melchior Ndadaye, Mhutu, Oktoba 1993. Nani angelala usingizi? Afrika Kusini ikapeleka askari wapatao 700 kuwalinda viongozi hao waliorejea. Askari hao hawakupigana na mtu. Kuwepo kwao mlangoni kulitosha kuwafanya watu waliokuwa wakiogopana waweze kukaa kwenye baraza moja la mawaziri.

Pamoja na hayo iliundwa Kamati ya Kusimamia Utekelezaji. Ndani yake walikaa wawakilishi wa pande zilizosaini, Warundi waheshimiwa, Umoja wa Mataifa uliokuwa mwenyekiti, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ambao baadaye ukawa Umoja wa Afrika, na Mpango wa Kikanda. Kazi yake ilikuwa ya kuchosha kweli: sheria gani imepitishwa, ipi imekwama, tume ya wakimbizi imeundwa au la, nani amevunja ratiba. Magazeti hayakuiandika sana. Lakini mkataba usio na kamati ya namna hii hubaki karatasi, maana kila upande husubiri mwenzake aanze. Kamati ikishasema hadharani kwamba upande fulani umechelewa, yule aliyechelewa huitwa na marais. Tarehe 30 Aprili 2003 Buyoya alimkabidhi Ndayizeye urais kama ilivyoandikwa. Wakati ule wengi walikuwa wamejiandaa kusikia visingizio. Majirani hawakuvikubali, na wote walisema neno moja.

Pengo la pili, la mapigano, lilichukua muda zaidi. Msuluhishi wa kila siku alikuwa Jacob Zuma, wakati huo makamu wa rais wa Afrika Kusini. CNDD-FDD ya Pierre Nkurunziza ilikubali kusitisha mapigano Desemba 2002, ikaendelea kupigana, ikajadiliana tena Pretoria, na mwishoni ikasaini mkataba kamili Dar es Salaam tarehe 16 Novemba 2003. Humo ndimo yalimoandikwa mambo yanayoumiza vichwa: kundi hilo lipate asilimia 40 ya nafasi za maofisa jeshini na asilimia 35 polisi, na wizara nne serikalini. Ukiwaeleza wanafunzi wako, waambie amani nyingi huamuliwa kwenye hesabu za namna hii. Mpiganaji wa msituni anataka kujua atakuwa nani siku akiweka silaha chini. Ofisa wa jeshi la serikali anataka kujua kama cheo chake kitabaki. Hotuba haiwajibu.

Na sasa niwapeleke mahali panapoitwa Muyange, mkoani Bubanza. Umoja wa Afrika ulikuwa umezaliwa mwaka 2002, na kikosi chake cha kwanza kabisa cha kulinda amani ndicho kilichokwenda Burundi mwaka 2003: askari wa Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji, idadi iliyoruhusiwa ikiwa hadi 3,500. Muyange ilikuwa kambi ya kwanza ya kukusanyia wapiganaji wa makundi madogo yaliyokubali kuacha vita. Mpango ulikuwa wafike, waandikishwe, wakabidhi silaha, wapewe chakula na matibabu, wasubiri kuingizwa jeshini au kurudi nyumbani. Walifika kama 200 hivi. Mapigano yaliendelea jirani, na walinda amani wakajikuta kazi yao ni kuwalinda wapiganaji wa zamani dhidi ya wapiganaji wa sasa. Fedha hazikutosha, bajeti ya zaidi ya dola milioni 100 haikupata wafadhili wa kutosha, na Afrika Kusini ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa.

Ungeweza kusema kikosi kile kilishindwa. Mimi sisemi hivyo. Umoja wa Mataifa haukuwa tayari kupeleka askari mahali pasipo na usitishaji kamili wa vita, na usitishaji kamili usingepatikana bila mtu wa kuusimamia. Waafrika waliingia katika nafasi hiyo katikati, wakakaa humo kwa zaidi ya mwaka, na tarehe 1 Juni 2004 Umoja wa Mataifa ukapokea kijiti kwa kikosi cha watu zaidi ya 5,000. Askari wengi walikuwa walewale, walibadilisha kofia tu zikawa za bluu. Huu ndio mchango ambao jumuiya za kanda zinaweza kuutoa kuliko mtu mwingine yeyote: kwenda mapema, kabla hali haijawa salama vya kutosha kwa wengine.

Mwaka 2005 ulipofika, mambo yaliyoandikwa Arusha yaliingia kwenye katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni mwezi Februari: Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40 katika serikali na Bunge, nusu kwa nusu katika Seneti, Watwa wakatengewa nafasi zao, wanawake wasipungue asilimia 30, na jeshi lisiwe na kabila moja linalozidi nusu. Uchaguzi ulifanyika, CNDD-FDD ikashinda, Nkurunziza akawa rais Agosti 2005. Kundi la mwisho, FNL, lilibaki msituni. Baada ya mauaji ya Gatumba ya Agosti 2004, ambako wakimbizi wa Kongo zaidi ya 150 waliuawa na FNL ikadai kuhusika, wakuu wa kanda waliitangaza kuwa kundi la kigaidi. Hata hivyo mlango haukufungwa. Tanzania na Afrika Kusini waliendelea kuzungumza nao, mkataba ukasainiwa Dar es Salaam Septemba 2006, na mwaka 2009 FNL ikawa chama cha siasa. Hiyo ni karibu miaka tisa baada ya ile saini ya Arusha.

Sasa nafika kwenye swali lenyewe la wanafunzi wako, kuhusu 2015.

Kipindi cha mpito kilipoisha mwaka 2005, Kamati ya Kusimamia Utekelezaji nayo ikaisha. Kikosi cha Umoja wa Mataifa kiliondoka mwishoni mwa 2006, ofisi zilizofuata zikapunguzwa hatua kwa hatua, na ya mwisho ikafungwa mwishoni mwa Desemba 2014. Wadhamini wa mkataba walibaki kwa majina. Ni kama mdhamini wa mkopo wa VICOBA aliyekuja siku ya kusaini, akapigwa picha, kisha hakuuliza tena kama marejesho yanalipwa. Miezi minne tu baada ya ofisi ile kufungwa, Aprili 2015, chama tawala kilimteua Nkurunziza kugombea kwa mara ya tatu. Mkataba wa Arusha ulisema mtu asiongoze zaidi ya vipindi viwili. Katiba ilisema rais huchaguliwa na wananchi moja kwa moja na anaweza kurudi mara moja tu. Na kwa kuwa mwaka 2005 alichaguliwa na Bunge, upande wake ulidai kipindi kile hakihesabiwi. Mahakama ya Katiba ikakubaliana naye.

Hapo ndipo ungetarajia majirani waseme neno moja kama walivyosema 2003. Hawakuweza. Ndani ya kanda kulikuwa na marais waliokwishaondoa ukomo wa vipindi kwao, au waliokuwa wakifikiria kufanya hivyo. Nani angemnyooshea mwenzake kidole? Tarehe 13 Mei 2015 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipokutana Dar es Salaam kujadili Burundi, Meja Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza mapinduzi Bujumbura huku Nkurunziza akiwa kwenye mkutano huohuo. Mapinduzi yakashindwa ndani ya siku mbili, na tangu hapo serikali ikakataa kukaa meza moja na yeyote iliyemhusisha nayo. Museveni aliteuliwa msuluhishi, akiwa na uchaguzi wake mwenyewe wa kushughulikia. Mzee Mkapa akawa mwezeshaji kuanzia Machi 2016. Alifanya kazi kwa uvumilivu mkubwa, lakini alizungumza na pande zisizoonana uso kwa uso, na marais waliomtuma hawakumpa kitu cha kushinikizia.

Watu wa Kigoma hawahitaji kusimuliwa matokeo. Mei 2015 makumi ya maelfu walikwama Kagunga, kijiji cha ufukweni kilichobanwa kati ya milima na ziwa, kipindupindu kikaingia, na meli ya zamani ya MV Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma mjini, uwanja wa Lake Tanganyika ukawa kituo cha kupokelea. Kufikia 2017 Warundi waliokimbia walizidi 400,000, wengi wao wakiwa Tanzania.

Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika liliidhinisha kikosi cha askari 5,000 kiende Burundi. Lilisema kitakwenda hata serikali ikikataa, kwa kutumia kifungu cha 4 cha Sheria ya Kuanzishwa kwa Umoja huo kinachoruhusu kuingilia kati pale penye mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya binadamu. Serikali ya Burundi ikajibu kwamba itakitazama kama wavamizi. Januari 2016 wakuu wa nchi walikutana Addis Ababa wakarudi nyuma. Kwa maoni yangu tangazo lile lilidhuru kuliko kusaidia. Kutishia nguvu bila kuhesabu kwanza kama marais watakuunga mkono ni kuwafundisha watawala wengine kwamba kitisho chako ni maneno.

Lakini wasikate shauri kwamba Arusha ilikuwa bure. Mwaka 1993 Rais alipouawa, makabila yaligeukiana na nchi ikaingia vitani kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2015 jeshi lilikuwa limechanganyika. Aliyejaribu kupindua alikuwa Mhutu aliyewahi kuwa mpiganaji wa CNDD-FDD, na waliompinga Nkurunziza mitaani walikuwa wa makabila yote. Kulikuwa na mauaji, mateso na hofu kubwa, lakini ule moto wa kikabila uliotabiriwa haukuwaka kama zamani. Kilichotekelezwa kikamilifu, yaani jeshi mchanganyiko, kilishika. Kilichoachwa bila mlinzi, yaani ukomo wa madaraka, ndicho kilichopasuka. Hilo ndilo jibu langu kwa wanafunzi wako.

Sudan Kusini ni kisa cha namna nyingine, maana kule mitambo ya usimamizi haikukosekana. IGAD ilisimamia mkataba wa Agosti 2015 kati ya Rais Salva Kiir na kiongozi wa waasi, Riek Machar, na Festus Mogae, rais mstaafu wa Botswana, akaongoza tume ya kufuatilia. Kiir alisaini huku akiambatanisha orodha ndefu ya pingamizi. Oktoba mwaka uleule akagawa nchi katika majimbo 28 ilhali mkataba ulijengwa juu ya majimbo 10. Mogae aliripoti waziwazi. IGAD ilisikia, na mkiukaji hakulipa gharama yoyote. Julai 2016 walinzi wa viongozi hao wawili walipigana Juba, na Machar akakimbilia Kongo kwa miguu.

Mkataba mpya ulisainiwa Addis Ababa tarehe 12 Septemba 2018. Safari hii kuna tume ya kufuatilia iitwayo R-JMEC, na chombo cha kuhakiki usitishaji vita kiitwacho CTSAMVM. Hebu tazama kinavyofanya kazi. Taarifa inaletwa kwamba kijiji fulani kimeshambuliwa. Timu ya wahakiki, yenye maofisa kutoka nchi za kanda na wawakilishi wa pande zilizosaini, inatakiwa kufika. Wakati wa masika barabara ni tope tupu, na mara nyingine kamanda wa eneo huizuia njiani hata kama ina ruhusa kutoka Juba. Ikifika inahoji wanakijiji, makamanda, wahudumu wa zahanati, inaangalia nyumba zilizoungua, kisha inaandika ripoti. Ripoti inapanda ngazi hadi IGAD. Huko juu ndiko inakokwama. Ripoti inaweza kutaja kikosi kilichohusika, na bado kwenye kikao cha mawaziri wa kanda ikaishia katika maneno ya kuzitaka pande zote zijizuie.

Mkataba huo ulizaliwa Khartoum, Juni 2018, kwa msukumo wa Rais wa Sudan, Omar al-Bashir, na Museveni, kwa sababu hao ndio waliokuwa na uwezo halisi juu ya pande mbili. Uganda ilikuwa imepeleka jeshi kumsaidia Kiir tangu Desemba 2013. Machar alitegemea zaidi Khartoum. Sudan na Uganda zikawa wadhamini. Kisha Bashir akaangushwa Aprili 2019, na Aprili 2023 Sudan yenyewe ikaingia vitani. Mdhamini mmoja akawa hana tena uwezo wa kudhamini chochote. Machi 2025, mapigano yalipozuka katika mji wa Nasir, Uganda ikapeleka askari Juba kuisaidia serikali, na mwezi huohuo Machar akawekwa kizuizini nyumbani kwake. Septemba akafunguliwa mashtaka ya mauaji na uhaini. Mdhamini wa pili akawa amechukua upande. Katikati ya hayo kipindi cha mpito kimekuwa kikisogezwa mbele, mara ya mwisho hadi Februari 2027, na uchaguzi ukapangwa Desemba 2026. Jeshi la pamoja lililotarajiwa kuwa na watu 83,000 lilihitimisha kundi lake la kwanza Agosti 2022 tu. Mahakama maalumu ambayo Umoja wa Afrika ulitakiwa kuiunda iwahukumu waliotenda maovu haijaundwa tangu ilipoandikwa mwaka 2015, na hili ni la Umoja wa Afrika wenyewe, hakuna wa kumsingizia.

Kwa hiyo ujirani hukata kuwili. Jirani ndiye anayewajua wapiganaji, ndiye mwenye mpaka wa kufunga, ndiye mwenye wakimbizi wa kumkumbusha kila siku. Pia ndiye mwenye maslahi: biashara, madini, ukoo, uadui wa zamani. Jumuiya ya kikanda husaidia mkataba kwa kiwango kile ambacho wanachama wake wameweza kuweka maslahi hayo pembeni, na kukaa muda mrefu kuliko wakiukaji walivyotarajia. Burundi ya 2001 hadi 2005 iliyapata yote mawili.

Kongo iko karibu nanyi, kwa hiyo niiguse. Tarehe 23 Machi 2009 serikali ya Kinshasa ilisaini mkataba na kundi la waasi la CNDP, wapatanishi wakiwa Olusegun Obasanjo, rais mstaafu wa Nigeria, kwa niaba ya Umoja wa Mataifa na, tena, Mzee Mkapa kwa niaba ya kanda. Miaka mitatu baadaye askari waliotoka kundi hilo waliasi wakidai mkataba haukutekelezwa, na wakajiita M23 kutokana na tarehe hiyo. Waliposhindwa mwaka 2013 mambo yakahitimishwa kwa matamko ya Nairobi ya mwezi Desemba, ambayo nayo yalitekelezwa nusunusu. Mwishoni mwa 2021 M23 ikarudi, na Januari 2025 ikaichukua Goma. Safari hii Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imepeleka kikosi Novemba 2022. Kinshasa ilitaka kipigane, wachangiaji walikipeleka kisimamie kujiondoa kwa waasi, na Desemba 2023 kikafungasha. SADC ikaingia na askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania; Machi 2025 nayo ikaamua kuondoka. Tarehe 8 Februari 2025 jumuiya hizo mbili zilifanya mkutano wa pamoja Dar es Salaam kwa mara ya kwanza na kuunganisha michakato miwili ya mazungumzo kuhusu Kongo, ule wa Nairobi na ule wa Luanda. Kabla ya hapo, kila upande uliokuwa haupendi masharti ya mchakato mmoja ulikimbilia mwingine.

Suala la fedha nitalipitia haraka, ingawa ndilo linaloua mipango mingi kimyakimya. Umoja wa Afrika hutegemea sana wafadhili wa nje kwa vikosi vyake, na mfadhili akibadili mawazo kikosi hukosa mafuta na mishahara. Desemba 2023 Baraza la Usalama lilipitisha azimio nambari 2719, linaloruhusu vikosi vinavyoongozwa na Umoja wa Afrika kugharamiwa hadi asilimia 75 na michango ya lazima ya wanachama wa Umoja wa Mataifa, kila kikosi kikiamuliwa peke yake. Ni hatua niliyoisubiri kwa hamu. Kuitumia kumekuwa kugumu, na asilimia 25 zilizobaki bado zinatafutiwa mwenyewe.

Kuna mchango mmoja wa utekelezaji ambao hautajwi vya kutosha, na wanafunzi wa Kigoma wana haki ya kuujua. Sehemu ya nne ya mkataba wa Arusha inahusu wakimbizi kurejea na ujenzi mpya. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walikuwa wameishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa miongo, wamezaa na kuzika huko. Mashamba yao Burundi yalikuwa yamekwishachukuliwa na wengine. Kuwarudisha wote kwa mkupuo kungewasha migogoro ya ardhi katika nchi ndogo iliyojaa. Tanzania iliwapa nafasi ya kuchagua, na wapatao 162,000 wakapewa uraia. Uamuzi ule ulichukua muda kukamilika na haukuwa na wapiga picha wengi, lakini kwangu ni miongoni mwa mambo makubwa zaidi ambayo jirani yeyote barani Afrika amewahi kufanya ili mkataba wa nchi nyingine usivunjike.

Kwa somo lako, Mwalimu, ningependekeza zoezi hili. Chukua mkataba wowote mpya utakaotangazwa, kisha wanafunzi watafute majibu ya maswali machache. Nani anaandika ripoti za ukiukaji, na anampelekea nani? Yule anayepokea ana uwezo gani wa kumgharimu mkiukaji? Kati ya wadhamini, nani ana askari wake ndani ya nchi hiyo, na wapo upande gani? Na chombo cha kufuatilia kinafungwa lini, kabla au baada ya uchaguzi wa pili? Hilo la mwisho nimeliweka makusudi, kwa sababu uchaguzi wa kwanza hupita dunia nzima ikiangalia. Ripoti za R-JMEC kuhusu Sudan Kusini hutolewa kila robo mwaka na zinapatikana bure mtandaoni, kwa Kiingereza kinachowafaa kidato cha tatu na kuendelea. Wapeni makundi mawili ripoti za miaka miwili tofauti, wasome kurasa za mapendekezo pekee, kisha waandike ubaoni yale yaliyojirudia.